Wakwe wa Mzee Mmoja

Karatasi ya kwanza ilipotoka kwenye ile printa, wanawake wote wa kikundi chetu walikuwa wakwe wa mzee mmoja. Niliisoma nikiwa nimesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mke wa mwana wa mzee. Mke wa mwana wa mzee. Mke wa mwana wa mzee. Hivyo hivyo mpaka chini. Nikaigeuza nione kama maneno mengine yalitokea upande wa pili. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Huyu mzee ni nani," nikamuuliza binti wa kaka yangu, "mwenye wana wengi hivi?"

Hakucheka. Alikuwa amejishika kichwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, mjini Kitui, katika chumba kidogo nyuma ya duka la nguo. Huyo binti alikuwa akiwapigia watu chapa barua na karatasi zao kwa kompyuta. Mimi nilikuwa nimetoka Matinyani asubuhi na karatasi ya kikundi ndani ya kiondo, nimeikunja kwenye nailoni isipate jasho. Afisa wa mradi wa matangi alikuwa ametuambia hivi: nileteeni majina yakiwa yamepigwa chapa, kwenye jedwali, ukurasa mmoja tu, kabla sijaondoka alasiri kurudi Nairobi. Kuandikwa kwa mkono hataki. Kurasa mbili hataki pia, kwa sababu ukurasa wa pili hupotea njiani, na walioandikwa huko hupotea nao.

Matangi yenyewe yalikuwa ya saruji, ya kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Kwetu mto ni mchanga. Ukitaka maji unachimba, unaingia shimoni, unachota kidogo kidogo kwa kata, na kiangazi kikiendelea shimo nalo linaendelea kwenda chini. Kwa hiyo mtu akikuambia kuna tangi la bure, na kinachotakiwa ni jina lako tu, hulali vizuri mpaka uone jina hilo limefika.

Lakini yule afisa alitaka majina matatu kwa kila mwanamke: lake, la mume wake, na la baba wa mume wake. Yeye alikuwa mtu wa mbali. Hakujua alichotuomba.

Kwetu Ukambani mwanamke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Tunaita nthoni, na ni heshima na haya kwa pamoja. Nilipoolewa Matinyani miaka ya sitini, nikitoka upande wa Kathonzweni, nilikuwa nikikutana na baba mkwe njiani nahama njia naingia kichakani mpaka apite. Jina lake lilikuwa pia neno la kawaida la nyumbani, kitu ambacho mtu hukitaja kila siku akipika. Nikakitafutia jina lingine. Wanangu walijifunza jina hilo langu, wakaenda nalo shule, wakachekwa.

Basi siku ya kuandikishana, pale uwanjani mwa kanisa, mwandishi wa kikundi alipofika kwenye jina la tatu, kila mwanamke alizunguka. "Andika mke wa mwana wa mzee mwenye fahali mweusi." "Andika mke wa mwana wa mzee aliyejenga kwa mawe kabla ya watu wengine." "Andika mke wa mwana wa mzee wa kwaya, yule mrefu." Mwandishi naye ni mke wa mtu. Aliandika kama alivyoambiwa, na la kwake akalizungusha vilevile, akajiweka mwisho kabisa. Hakuna aliyeona ajabu. Sisi wenyewe tulikuwa tukijuana vizuri kabisa.

Sasa kompyuta ilikuwa imechukua maneno ya mwanzo, ambayo yalikuwa sawa kwa kila mtu, na yale ya kututofautisha ikayameza.

Wengine wasingepoteza kitu hata wakikatwa hivyo, maana jina la mwanamke na la mume wake lingetosha kuwatambua. Kilichofanya nishindwe kukaa kwenye kiti ni mistari miwili ya juu. Mstari wa kwanza ulikuwa wangu. Wa pili ulikuwa wa jirani yangu, na ulikuwa sawasawa na wangu. Mimi na yeye tuna jina moja, tunaitana wajina. Waume wetu ni wana wa ndugu wawili, na wote wawili walipewa jina la babu yao, kama desturi inavyotaka. Jina moja, na mume wa jina moja. Kitu pekee cha kututenganisha kwenye karatasi ni jina la baba mkwe, ambalo ndilo hatulitaji.

Na mambo haya yalikuwa yameshatokea. Mwaka wa njaa, ulipokuja msaada wa mahindi, majina yaliandikwa mawili mawili tu. Karani akaona mistari miwili inayofanana, akadhani mtu ameandikwa mara mbili, akaupiga mstari wa chini kalamu. Mimi nikapata. Wajina akarudi nyumbani na gunia limekunjwa kwapani. Jioni alinisalimia kwenye ua: "Wajina, mahindi ya jina letu yameiva? Usisahau chumvi."

Nilimgawia, naye akapokea. Lakini alikuwa akinisalimia hivyo kila alipotaka kunichoma.

Halafu mwaka mmoja shimo la maji lilimporomokea kule mtoni. Wakamtoa, lakini nyonga haikupona sawasawa. Alikuwa amefiwa na mume, wanawe wako mbali, na mtoni hangeweza kushuka tena. Nilimpelekea jerikani mgongo wangu uliponiruhusu. Uliponikatalia, alisubiri mtu mwingine amhurumie. Alikuwa akiishi kwa maji ya kuomba. Kikundi kizima hakikuwa na mtu aliyelihitaji lile tangi kama yeye, na mstari wake ndio ulikuwa wa pili.

Asubuhi nikiondoka alikuwa amesimama na fimbo yake akinitazama. Macho yake yalinifuata mpaka mjini.

"Shangazi," binti wa kaka yangu akasema, "maneno yenu yote yamo. Yako ndani. Ni kolamu ndiyo nyembamba."

"Yamo wapi? Mbona siyaoni?"

"Yamejificha chini ya mstari."

"Basi yafichue."

Nilisoma ngumbaru, ile shule ya watu wazima, nikafika mahali pa kusoma majina na barua fupi. Jedwali kwangu lilikuwa kama nyumba ya kupangisha: kila mtu na mlango wake, na kila mlango vyumba vinne. Jina, mume, baba wa mume, na chumba cha mwisho cha kuweka dole gumba. Binti akashika kile kipanya cha mkononi, akakamata ukuta wa chumba cha tatu, akauvuta kulia.

Ukasogea ukuta mmoja tu. Mstari wa wajina peke yake ulitokeza nje ya wenzake kama jino lililopanda juu ya mengine.

"Asi! Mbona huyu peke yake?"

"Nilikuwa nimemgusa yeye kwanza, kwa hiyo kompyuta imedhani namtaka yeye." Akaurudisha. Haukurudi sawasawa. Mistari mingine ilisimama wima, na wa wajina ukabaki umepinda kiunoni. Hata hapo ndani, nikasema moyoni, huyu mama anatembea akichechemea.

Akajaribu tena bila kugusa mstari wowote. Safari hii ukuta wote ulienda, juu mpaka chini. Chumba cha tatu kikanenepa vizuri. Lakini chumba cha vidole kikabanwa kikawa kama uzi.

"Hapo dole gumba la nani litaingia?"

"La mtoto mchanga," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Akauvuta na ukuta wa mwisho ili vidole vipate nafasi. Kwenye kioo ulionekana mzuri kabisa. Karatasi ilipotoka, vidole havikuwako, karatasi ilikuwa imeishia kwenye chumba cha tatu.

"Vidole vimebaki ndani ya mashine," nikasema.

"Vimetoka nje ya ukurasa, shangazi."

"Nje wapi? Mbona havipo sakafuni?"

"Shangazi, tafadhali kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama."

"Basi nimekaa nikiwa nimesimama. Endelea."

Sikuweza kukaa. Nilienda mlangoni nikatazama kivuli cha nguzo, nikarudi. Stima ilikuwa imepotea mji mzima, na kompyuta ilikuwa ikiendeshwa na jenereta la mwenye duka, mzee mmoja Mwislamu ambaye jamaa zake walitoka upande wa Garissa. Alikuwa mtu mpole, ila jenereta lilikuwa lake na mafuta yalikuwa yake. Akachungulia kupitia pazia.

"Mama, barua gani hii isiyokwisha?"

"Si barua. Ni maji."

"Haya. Lakini nikienda kuswali adhuhuri, nazima. Sitaki iungue nikiwa sipo."

"Nenda polepole, baba."

"Mungu hasubirishwi, mama," akasema akicheka, akarudi kwa vitambaa vyake.

Binti alianza kubonyeza upesi zaidi, na kadiri alivyofanya upesi ndivyo kuta zilivyozidi kuchanganyikiwa. Ukipanua hapa, pale panabanwa. Ukiachia pale, kule kunatoka nje. Halafu akasimamisha mikono, akalitazama jedwali kama mtu anayekumbuka alipoacha ufunguo.

"Ngoja. Asubuhi nilifunga kimo cha mistari. Niliona mnakaribia kuvuka ukurasa, nikafunga ili msirefuke. Nimekuwa nikihangaika na upana, kumbe nimewafungia urefu mwenyewe."

Akafungua. Maneno yakamwagika chini kama kuku waliofunguliwa bandani. Kila mwanamke akapata hadithi yake. Nilisogea karibu na kioo nikasoma mistari miwili ya juu. Mke wa mwana wa mzee mwenye fahali mweusi. Mke wa mwana wa mzee mwenye mizinga ya nyuki mlimani. Tulikuwa wawili! Nikapiga makofi.

"Usipige makofi," akasema. Akanionyesha chini. Mistari ilikuwa imenenepa yote, na wanawake wa mwisho walikuwa wamesukumwa wakaingia ukurasa wa pili.

Akalaza karatasi upande. Ikawa pana lakini fupi, ukurasa wa pili ukabaki pale pale. Akapunguza maandishi. Yakawa kama siafu, na yalipochapwa hadithi ndefu zilishikana zikawa doa jeusi. Nilijiuliza huyo afisa akiwa ndani ya gari, barabara ya Nairobi inamrusha, atasoma nini hapo.

"Shangazi, nikuambie ukweli? Shida si kolamu. Shida ni hizi hadithi. Mngeandika majina kama watu wengine, mngetosha tangu asubuhi."

"Unajua hatuwezi. Wewe ukiolewa utataja?"

"Wewe huwezi kumtaja wa kwako. Lakini wa wengine?"

Hakuna siku niliyokuwa nimeliwaza jambo hilo hivyo, kwa sababu pale uwanjani kila mtu alikuwa amejisemea mwenyewe. Lakini ilikuwa kweli. Wale wengine walikuwa wa koo nyingine, si baba wakwe zangu. Na majina yao nilikuwa nayo. Mimi jina nikilisikia mara moja halitoki. Hata leo ninao wote kichwani, wanawake wale na waume zao na wazee wao, na watoto kwa kufuatana walivyozaliwa. Hapa siwaandiki. Wengi wamelala, na walio hai wana wajukuu wanaosoma, na mimi si wa kumwamsha mtu kwa kalamu.

"Futa huyo wa tatu," nikasema. "Andika."

Nikayatoa, nikitembea kutoka ukuta hadi ukuta, naye akifuta hadithi na kuweka jina. Mwenye nyumba ya mawe. Wa kwaya. Yule wa punda wawili. Kila hadithi ilipofutwa mstari ulikonda, na chini kule mwanamke mmoja alipanda kutoka ukurasa wa pili.

"Huyu una uhakika?"

"Nina uhakika. Ndugu yake alikuwa na jina lingine, usimchanganye."

"Shangazi, unanitisha."

"Andika, mwanangu. Yule mzee anakunja vitambaa, anataka kwenda."

Tulifika mwisho, yakabaki mawili. Hadithi ya fahali na hadithi ya mizinga, nene vilevile juu ya jedwali. Na kwa sababu ya unene wao, mwanamke mmoja alikuwa bado amelala ukurasa wa pili peke yake. Alikuwa mwandishi wetu, aliyejiweka mwisho kwa adabu.

"Baba mkwe wako aliitwa nani?"

Nikatazama dari.

"Na wa huyu wajina wako? Huyo si mkwe wako."

"Ni mkwe wangu. Ni ndugu wa baba mkwe. Nilimhamia njia kama nilivyomhamia yule mwingine."

Binti hakuwajua. Alizaliwa Kathonzweni, Matinyani alikuja mara chache kunisalimia. Mume wangu angeweza kumtaja baba yake bila shida, lakini alikuwa Mombasa kazini. Nikatoka nje kutafuta mtu wa ukoo wetu, mwanamume yeyote au hata mtoto, anisemee yale majina mawili niende zangu. Haikuwa siku ya soko. Nilisimama kwenye kona nikatazama nyuso upande huu na upande ule, nikamfuata mtu mmoja kwa sababu ya mabega yake, alipogeuka nikaona simjui. Akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikasema hapana. Nikarudi mbio, na mimi sikuwa tena mtu wa mbio.

Mwenye duka alikuwa amevaa kofia yake tayari.

"Mama, kwani jina la mzee linachoma?"

"Halichomi. Ni zito."

Akatikisa kichwa, bila kunicheka. "Hata mke wangu ana watu asiowataja," akasema. "Lakini nazima."

"Bado kidogo tu, baba. Nakuomba."

Nikaingia. "Inuka," nikamwambia binti.

"Nini?"

"Inuka nikae. Na ugeuke, tazama mlango."

Akainuka, macho yamemtoka. Nikakaa kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa ameshafuta hadithi ya kwanza, na kile kijiti cha kuonyesha pa kuandika kilikuwa kikipepesa ndani ya chumba kitupu. Nikatazama vitufe. Ngumbaru tulifundishwa herufi zikiwa zimejipanga foleni. Hapa zilikuwa zimetawanyika kama mbuzi walioingia shamba la mtu. Niliitafuta ya kwanza, nikaikuta, nikaibonyeza kwa nguvu zangu zote ili isije ikakataa.

Ikajiandika mara nyingi, mbio, ikajaza chumba na kuteremka mstari wa pili.

"Inakimbia! Inakimbia!"

"Inua kidole!" binti akapiga kelele akiwa amenigeuzia mgongo. "Usikandamize! Gusa tu, kama unaonja mboga ya moto. Ukikosea bonyeza ile yenye mshale."

Nikafuta kwa mshale. Nikaanza upya. Midomo nilikuwa nimeibana mpaka meno yakauma, kwa sababu nilijijua: nikiandika huwa nasoma chini chini, na sikutaka hata pumzi itoke na jina lile. Jasho lilinitiririka puani likaangukia vitufe. Herufi moja, nyingine, nyingine. Likakaa pale. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kulitoa mahali popote, na sasa lilikuwa likinitazama kwenye kioo, dogo, limetosha chumbani mwake na nafasi ikabaki.

La pili liliniogopesha zaidi. Langu ningelijibia mimi mwenyewe. Hili lilikuwa la wajina, na hakuna aliyenipa ruhusa. Nilisikia makubadhi ya mwenye duka yakisogea upande wa jenereta. Nikaliandika. Nilipogusa herufi ya mwisho, mwandishi wetu alipanda kutoka ukurasa wa pili akajiunga na wenzake.

"Geuka," nikasema.

Binti aligeuka, akayatazama yale majina mawili. Hakuyasoma kwa sauti, na kwa hilo nampenda hata leo. Akalikamata jedwali lote kwa pamoja, akaipa kila kolamu upana wake, na ule mstari wa wajina uliokuwa umepinda kiunoni ukanyooka. Chumba cha vidole kikapata upana wa kidole cha mtu mzima. Printa ikaguguna karatasi na kuitoa. Tulikuwa bado tunaishika pembe mbili jenereta liliponyamaza.

Afisa nilimkuta akipakia mkoba wake garini. Nilitaka aisome mbele yangu. Akaitazama kama mtu anavyotazama saa, akasema, "Vizuri, ukurasa mmoja," akaikunja na kuiingiza kwenye faili. Gari likaondoka. Nikabaki na vumbi, na bila kujua kama kalamu yake itapita au itasimama.

Siku zilizofuata sikupata raha. Wajina aliniuliza, "Tuko wawili?" Nikasema tuko wawili. "Umeona kwa macho yako?" Nikasema nimeona. Hakuuliza tulitenganishwa kwa kitu gani, nami sikusema. Nilimpelekea maji, nikaweka jerikani, nikaondoka haraka kabla hajanikaribisha.

Afisa alirudi mawingu yakiwa yameanza kukusanyika. Alituita uwanjani mwa kanisa, akaweka meza ndogo, kidau cha wino, na ile karatasi. "Nikisoma jina lako, njoo uweke dole gumba. Asiyejibu, namfuta, kuna vikundi vingine vinasubiri."

Sikuwa nimefikiria kwamba yatasomwa kwa sauti.

Akasoma mstari wangu. Majina yote matatu, wazi, kama mtu anayeita kondoo. Nilihisi masikio yakiwaka. Nikaenda, nikaweka dole, nikarudi nikiwa nimejifunika leso. Halafu akasoma jina langu tena. Na la mume. Kalamu ikainuka, nikaiona. "Hapa naona kama mtu amerudiwa," akasema, halafu jicho lake likaenda mpaka chumba cha tatu. Akasoma na hilo.

Wajina hakuinuka.

Wanawake waligeuka kumtazama. Alikuwa ameketi chini na mguu wake umenyooshwa mbele, uso umekuwa wa jiwe. Baba mkwe wake alikuwa ametajwa mbele ya watu, na akiitika ni kama amekubali.

"Hayuko?" afisa akauliza.

"Yuko!" wakasema.

Wajina akanitazama mimi, hakumtazama afisa. "Wajina," akasema polepole, "ni nani aliyemtaja mzee?"

"Hakuna aliyemtaja."

"Karatasi imejitungia?"

"Imeandikwa."

"Na nani? Mwenye kumjua ni nani huko mjini?"

Nikatoa mkono ndani ya leso nikamwonyesha kidole. Alikitazama muda mrefu, kile kidole changu, kama mtu anayetazama nyoka bila kujua kama ana sumu.

"Mdomo je?"

"Nilikuwa nimeubana."

"Mama, naruka mstari?" Afisa alikuwa ameshainua kalamu.

"Usiruke!" wanawake wakapiga kelele pamoja. "Anainuka! Ni mguu, si unaona ni mguu!"

Hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Alitafuta fimbo yake, akajiinua kwa hatua zake mwenyewe, akatembea mpaka mezani. Akachovya dole. Kabla ya kulibandika alifunika chumba cha tatu kwa kiganja cha mkono wa pili, asikione, ndipo akakandamiza kwenye cha nne. Akakandamiza mpaka meza ikalia.

"Inatosha, mama," afisa akasema.

"Najua inatosha," akasema.

Wale waliofuata walisomwa mmoja mmoja. Wengine walicheka ndani ya leso, mmoja alikimbia mezani akiwa ameziba masikio, na mwandishi wetu wa mwisho aliitika kabla jina la tatu halijafika, ili asilisikie.

Tulirudi nyumbani mimi na wajina kwa njia moja. Nilienda polepole kumfuata mguu wake. Upepo ulikuwa ukigeuka, unanuka mvua ya mbali. Tulipofika njia panda ya kwake alisimama, akaegemea fimbo, akatazama paa la nyumba yake.

"Watachimba msingi lini?"

"Wiki ijayo, wamesema."

"Waambie waanze kwangu."

Mimi ndiye niliyekuwa mstari wa kwanza. Nikamwambia sawa, nitawaambia.